Shaba, Mgomba na Jina: Swali la Kimaadili Kuhusu Ukumbusho wa Vita

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulijadili swali ambalo kwa kawaida huachiwa wanahistoria na maafisa wa serikali: je, walio hai wana wajibu gani kwa wale waliokufa vitani, na je, sanamu yaweza kuutekeleza wajibu huo kwa niaba yao? Huenda msomaji akashangaa kwamba mhakiki wa fasihi anajiingiza katika mambo ya shaba na mawe. Jibu letu ni jepesi. Sanamu ya ukumbusho haisimami bila maneno. Chini yake huandikwa maandishi. Maandishi hayo yana msemaji, yana hadhira, yana tamathali zake, na yana ukimya wake. Hiyo ni matini, na matini ni kazi yetu.

Tutaanza na sanamu ya Nairobi kwa kuwa ndiyo inayodai kuwasemea watu wa nchi nzima, wakiwemo wale waliotoka nchi ya Bungoma na Trans Nzoia. Kisha tutahamia Kitale, ambako vita hivyohivyo vilikumbukwa kwa njia nyingine, na hatimaye tutapanda kilima cha Chetambe, karibu na mji wa Webuye. Hoja yetu ni kwamba kosa la sanamu ya kikoloni halikuwa kwamba ilijengwa na mgeni. Kosa lake ni kwamba iliahidi jina bila kulitaja jina. Kosa hilo mwenyeji naye anaweza kulirudia, na hapo ndipo swali letu linapokuwa zito.

Sanamu kama Matini

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Uingereza iliweka kumbukumbu tatu za askari wa Kiafrika katika miji ya Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inamwonyesha askari mmoja, bunduki mkononi. Ilisimamishwa mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa Waingereza walipouteka mji. Ile ya Nairobi ilizinduliwa mwaka 1928 katika barabara iliyowahi kuitwa Delamere, na ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Ina watu watatu wa shaba, mmoja wao akiwa mpagazi. Maneno yake, yanayohusishwa na Rudyard Kipling, yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili.

Maandishi hayo yana sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inawataja waliokumbukwa: askari wenyeji waliopigana, wapagazi walioitwa miguu na mikono ya jeshi, na watu wengine wote waliotumikia na kufa kwa ajili ya mfalme na nchi. Sehemu ya pili ni ahadi: kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wana wako watalikumbuka jina lako.

Tuichunguze kwanza tamathali ya miguu na mikono. Hapa sehemu ya kitu inasimamia kitu kizima. Kwa mtazamo wa juujuu hiyo ni sifa, kwani jeshi lisilo na miguu haliendi na lisilo na mikono halili. Katika kampeni ya Afrika Mashariki, ambako njia za reli zilikuwa chache na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, kila risasi na kila kibaba cha unga vilisafiri kichwani mwa mtu. Hata hivyo, tamathali huficha kama inavyofichua. Aliyeitwa miguu na mikono amenyimwa kichwa cha kufikiri, kinywa cha kusema, na uso wa kutambulika. Mguu hauna jina. Tamathali hii, kwa hiyo, inatoa heshima kwa mkono wa kulia na kuipokonya kwa mkono wa kushoto.

Pili, tuiangalie sarufi ya ahadi. Ahadi hiyo imejengwa kwa hali ya masharti: ukipigana, basi utakumbukwa. Lakini wafu hawahitaji sharti. Wao walikwisha kupigana na walikwisha kufa. Anayeambiwa "wewe" katika sentensi hiyo hawezi kuwa marehemu. Ni mpita njia, kijana aliye hai, ambaye bado hajaitwa vitani. Hivyo matini inayojiita ukumbusho ni, kwa muundo wake wa kisarufi, wito wa kuandikisha askari. Miaka 11 baada ya uzinduzi, yaani mwaka 1939, wito mwingine ulitolewa, na vijana wa Kenya walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, ahadi inahusu jina, ilhali juu ya sanamu nzima hakuna hata jina moja la askari au mpagazi. Ni kejeli ambayo huenda mwandishi wake hakuikusudia. Haifai kusema kwamba majina hayakupatikana kwa sababu tu watu hao hawakujua kuandika. Jeshi liliwaandikisha, likawapa nambari na likaahidi kuwalipa mishahara. Mwaka 2021 kamati iliyoundwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, waliofia vita vya 1914–1918 hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti hiyo ilieleza kwamba jambo hili lilitokana kwa sehemu na maamuzi ya maafisa walioamini kuwa Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina. Kimya cha shaba, basi, kiliamuliwa.

Ardhi kama Ukumbusho: Kitale

Yafaa tuulize: je, vita hivyo vilikumbukwa vipi pale Kitale? Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwagawia ardhi wanajeshi wa Kizungu waliotumikia vitani. Mashamba zaidi ya 1,000 yalitengwa katika nyanda za juu, na waliofaulu walichaguliwa kwa bahati nasibu iliyofanyiwa Nairobi. Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizogawiwa, nayo ilikuwa ardhi ambayo Wasabaoti na majirani zao walikuwa wakiilishia mifugo. Mji wa Kitale ulikua kutokana na mashamba hayo, na reli ilipofika mwaka 1926 ukawa kitovu cha biashara ya mahindi.

Kwa hiyo palikuwa na kumbukumbu mbili za vita vilevile. Mzungu aliyetumikia alikumbukwa kwa ekari. Mwafrika aliyetumikia alikumbukwa kwa sentensi. Ekari huzaa, hurithiwa na huuzwa. Sentensi haina mrithi, hasa ikiwa haina jina. Mishahara mingi ya wapagazi waliofariki ilibaki bila kudaiwa na haikuwafikia jamaa zao. Tukilitazama jambo hili kwa jicho la maadili, tunaona kwamba sanamu ya Nairobi haikuwa nyongeza juu ya haki. Ilikuwa badala ya haki. Tofauti ya maneno haya mawili ndiyo kiini cha swali letu, kwa sababu ukumbusho unaokuja baada ya haki ni shukrani, bali ukumbusho unaokuja mahali pa haki ni malipo ya bei nafuu.

Kitale inatupa mfano mwingine. Mwaka huohuo wa 1926 afisa mmoja wa jeshi, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alianzisha jumba la makumbusho ambalo ni asili ya Makumbusho ya Kitale ya leo. Stoneham alikuwa mkusanyaji hodari wa wadudu, wanyama na vitu vya kiutamaduni, na Wakenya wana sababu ya kuithamini hazina aliyoiacha. Lakini kuna jambo la kutafakari. Kwa desturi ya elimu ya viumbe, kila kipepeo anayechomwa pini huwekewa kijikaratasi chenye jina lake, mahali alipopatikana na tarehe. Katika nchi hiyohiyo na katika miaka hiyohiyo, kipepeo alikuwa na kijikaratasi na mpagazi hakuwa nacho. Hatusemi hivi ili kumlaumu mkusanyaji. Tunasema ili kuonyesha kwamba kuhifadhi jina lilikuwa jambo linalowezekana, na lililofanywa kwa uangalifu mkubwa, pale ambapo jina lilihesabiwa kuwa na thamani.

Chetambe: Ukumbusho wa Miguu

Sasa tuelekee Bungoma. Mwaka 1895 Charles Hobley, aliyewakilisha utawala wa Kiingereza huko Mumias, aliongoza vita dhidi ya Wabukusu baada ya mgogoro uliohusu bunduki na baada ya kikosi cha Wasudani kuangamizwa. Jeshi lake lilikuwa na askari wa Kisudani, Waganda na Wamaasai. Mapigano makuu yalifanyika katika ngome za Lumboka na Chetambe. Ngome hizo zilizungushiwa kuta za udongo na mahandaki, nazo hazikuwa kambi za wapiganaji peke yao. Zilikuwa makazi, na ndani yake mlikuwa na wanawake, watoto na mifugo. Bunduki zilishinda mikuki, na watu wengi wakaangamia.

Mwaka 1929, mwaka mmoja tu baada ya uzinduzi wa sanamu ya Nairobi, Hobley alichapisha kumbukumbu za maisha yake ambamo anayasimulia mambo ya miaka hiyo. Mshindi, basi, alikuwa na kitabu. Aliyeshindwa alikuwa na nini? Alikuwa na kilima, na alikuwa na wasimulizi.

Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza maelfu ya wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Masinde, aliyewahi kuwa mwanasoka wa kutajika, alikuwa amekwisha kufungwa na hata kuwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kitendo cha Chetambe kilikuwa cha kawaida kabisa kwa sura yake: watu walitembea, wakakusanyika, wakaomba, wakawataja wafu wao. Hapakuwa na shaba, hapakuwa na kuzindua. Hata hivyo serikali ilitishika. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi. Chama kikapigwa marufuku na Masinde akahamishiwa Lamu, alikozuiliwa miaka mingi.

Kwa nini utawala uliojenga sanamu ya wafu wa vita uliogopa mkusanyiko wa watu waliowakumbuka wafu wa vita? Twaweza kujibu kwamba sanamu humaliza mazungumzo, ilhali mkusanyiko huyaanzisha. Mbele ya sanamu mtu hupita. Huko kilimani mtu huuliza. Swali la Chetambe halikuwa "walikufa kishujaa?" bali "waliuawa na nani, na kwa haki gani?" Ukumbusho unaoruhusu swali la pili ni hatari kwa kila mtawala, awe mgeni au mwenyeji. Si ajabu kwamba hata baada ya Uhuru Masinde aliendelea kukamatwa hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Alifariki mwaka 1987.

Mgomba na Kumuse

Fasihi simulizi ya eneo hili ina jibu lake kwa tatizo la ukumbusho. Miongoni mwa Wabukusu, mzee mwenye hadhi anapofariki, baada ya mazishi huitwa bingwa wa maneno kufanya kile kinachojulikana kama khuswala kumuse. Msemaji huyo hutembea mbele ya waombolezaji, huku na huko, akisimulia asili ya watu, safari zao, koo zao, vita vyao na makosa yao, kisha huwaonya walio hai. Marehemu mmoja huwa mlango wa kuingilia historia ya wote. Mabingwa wa sanaa hii, akiwemo Manguliechi aliyesifika mno magharibi ya Kenya, hawakusoma maandishi. Walikuwa wao wenyewe ndio maandishi.

Zaidi ya hayo, katika baadhi ya jamii za Waluhya kumekuwa na desturi ya kumzika mtu aliyefia mbali bila maiti yake kupatikana. Shina la mgomba hulazwa kaburini mahali pa mwili, na jamaa huomboleza kana kwamba marehemu yupo. Hapa ndipo tunapopata ulinganisho ambao, kwa maoni yetu, unaangaza suala zima. Sanamu ya shaba ina umbo la mwili lakini haina jina. Mgomba hauna umbo la mwili, lakini una jina. Shaba hudumu na haimhusu mtu yeyote mahususi. Mgomba huoza kabla ya msimu kupita, lakini kila aliyesimama kando ya kaburi lile anajua ni nani aliyezikwa. Mpagazi aliyekufa kwa kuhara damu katika mabonde ya Rufiji alizikwa mara mbili, ikiwa alizikwa kabisa: huko kama mguu wa jeshi, na nyumbani kama mtoto wa fulani.

Ikiwa hivyo ndivyo, ahadi ya sanamu ya Nairobi ilitimizwa, lakini si na sanamu wala na mfalme. Ilitimizwa na mama aliyekata mgomba.

Pingamizi

Hapa inatupasa kujihadhari. Ni rahisi kwa mhakiki wa Kiafrika kuisifu simulizi na kuilaani shaba, kisha akaenda zake akiridhika. Msimamo kama huo una kasoro tatu.

Kwanza, simulizi nayo huchagua. Kumuse hufanyiwa wazee wa kiume waliofikia daraja fulani. Kijana aliyekufa bila mtoto, mwanamke aliyeuawa ndani ya ngome, mtumwa au mgeni aliyekuwa akiishi humo, hawa hawapati msemaji wa kutembea kwa ajili yao. Tukiishutumu sanamu kwa kuwataja watu kama miguu na mikono, hatuna budi kuishutumu pia simulizi inayowataja baadhi ya watu kama wake na watoto wa wengine.

Pili, kilima kimoja kina wenyewe wengi. Chetambe mwenyewe, ambaye ngome ilipewa jina lake, anasimuliwa na Watachoni kuwa mtu wao, na vita vile wanavihesabu kuwa vyao. Wabukusu nao wanavihesabu kuwa vyao. Pande zote mbili zina wafu, na pande zote mbili zina wasimulizi. Tukisimamisha sanamu ya shujaa mmoja pale juu, atavaa mavazi ya nani? Atasimama kwa jina la ukoo gani? Shaba haijui kusema "na pia".

Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, adui naye alikuwa Mwafrika. Wasudani wa aina ileile waliopigana mwaka 1895 waliingizwa katika kikosi cha Uganda Rifles, na mwaka 1902 kikosi hicho kiliunganishwa na vingine kuunda King's African Rifles. Hilo ndilo jeshi linaloadhimishwa na sanamu ya Nairobi. Kwa maneno mengine, askari wa shaba wa Kenyatta Avenue ni mrithi wa aliyepanda ukuta wa Chetambe. Na katika vizazi vilivyofuata, wajukuu wa walioshindwa Chetambe walivaa sare ileile. Mtu mmoja wa Bungoma aweza kuwa na babu mzaa baba aliyeuawa na jeshi hilo, na mjomba aliyelifia. Amwekee nani shada la maua?

Hatuoni kwamba swali hilo lina jibu la kuchagua upande. Kumkumbuka mtu si sawa na kumsifu. Aliyekufa ana haki ya kutajwa hata kama alichopigania hakikuwa na haki, na pengine hasa kwa sababu hiyo, maana aliyetumiwa na kisha kusahauliwa amedhulumiwa mara mbili. Lakini haki ya kutajwa haimpi haki ya kutukuzwa. Sanamu, kwa kawaida yake, hushindwa kutenganisha mambo hayo mawili: humweka mtu juu ya jiwe, na kilichoinuliwa huonekana kimetukuzwa. Masimulizi huweza kuyatenganisha, kwa kuwa msimulizi aweza kusema katika pumzi moja kwamba fulani alikuwa jasiri na kwamba alikosea.

Hitimisho

Baada ya Uhuru, na hasa katika miaka ya karibuni, Kenya imeinua kumbukumbu zake yenyewe. Sanamu ya Dedan Kimathi ilizinduliwa Nairobi mwaka 2007, na mwaka 2015 ukumbusho wa waathiriwa wa mateso ya enzi ya kikoloni uliwekwa Uhuru Park. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilipendekeza kumbukumbu zaidi kwa ajili ya walioteseka, na wilaya ya Mlima Elgon, iliyoona umwagaji damu kati ya 2006 na 2008, ni sehemu ya historia iliyochunguzwa humo. Mahitaji haya ni ya kweli, na hatuna nia ya kuyabeza. Watu wanaozeeka wanataka kuona kitu kilichosimama kabla hawajaondoka.

Tunalopendekeza ni masharti. Ukumbusho wowote utakaojengwa, uwe Kitale, Chetambe au kwingineko, na uanze na majina, hata kama orodha itakuwa na mapengo. Pengo linaloonekana ni kweli kuliko umbo kamili lisilo la mtu yeyote. Na uje baada ya haki au pamoja nayo, usije mahali pake. Wasemaji wa pande zote waitwe hapo kila mwaka kutembea na kusema, ili jiwe lisiachiwe kusema peke yake. Katika siku hiyo mwanamke wa ngomeni naye apate msemaji, jambo ambalo wazee wetu hawakulifanya nasi hatuna udhuru wa kutolifanya.

Masharti hayo ni mazito, na mjenzi wa sanamu aweza kusema kwamba hayatimiziki. Huenda. Lakini mama aliyepoteza mwana vitani aliyatimiza mengi kati yake kwa shina la mgomba na jina moja, na alifanya hivyo bila bajeti.